Kiapo cha Mtunza Amana

Sindano alipiga magoti mbele ya mlango wa maktaba kabla hajamsalimia mtu. Kitasa kilikuwa kizima. Ubao wa pembeni, pale ulimi wa kitasa unapozama, ulikuwa umechimbwachimbwa kwa kitu chenye ncha, pengine bisibisi, na vumbi la mbao lilikuwa bado sakafuni. Aliligusa kwa kidole, akainuka, akajipangusa suruali.

"Habari za asubuhi, Mkutubi. Unisamehe, huwa naanza na mlango."

"Salama, afande. Karibu ndani."

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, ila hata mkuu wa kituo alimwita Sindano: hapigi kelele, walisema, lakini akipita pameshatoboka. Nyuma yake aliburuza miguu Sajini, mzee wa kazi aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, ambaye kila ngazi aliiona ni adui wa magoti yake.

Chuo cha theolojia kilikuwa likizo. Madawati yalikuwa matupu, na katika maktaba nzima alikuwapo mtu mmoja tu: Mkutubi, mwanamume mrefu mwenye mvi, shati lake limefungwa vifungo mpaka kooni, miaka ishirini na sita kazini. Aliwaongoza hadi chumba cha nyuma, akaonyesha rafu ya chini iliyokuwa wazi.

"Zilikuwa hapa. Makasha matatu. Kazi yote ya maisha ya marehemu Mhadhiri, kurasa mia sita kwa mkono wake. Mjane wake aliniachia wiki tatu zilizopita alipokwenda kupasuliwa mtoto wa jicho. Amerudi jana. Sijui hata nitamtazama vipi."

"Nieleze Jumanne."

"Saa sita mchana nilifunga, nikaenda nyumbani kula. Saa saba nikarudi. Mwimo wa mlango umekwaruzwa, dirisha la nyuma limesukumwa, na mali yangu imepotea pamoja na mali yake."

"Mali yako ipi?"

"Redio ndogo, koti langu la sufi, na saa ya ukutani. Ilikuwa pale." Alinyoosha kidole. Msumari ulikuwapo, na chini yake duara jeupe ukutani.

Sindano aliandika yote, neno kwa neno, kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akageuka. Juu ya meza, hatua mbili kutoka kwenye msumari, ilikaa kompyuta mpya ya chuo, bado imevikwa nailoni ya dukani.

"Hii hawakuitaka?"

"Labda ilikuwa nzito," alisema Mkutubi.

"Makasha matatu ya karatasi mazito zaidi," alisema Sajini akishika kiuno. "Huyu mwizi kasoma mpaka chuo kikuu."

Mkutubi hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Kuna mtu huja na mkokoteni kununua karatasi chakavu. Jumanne alikuwa mtaa huu. Simsingizii, afande. Nasema tu alikuwapo."

* * *

Mnunuzi wa karatasi waliyemwita Kilo alikuwa na ua uliozungushiwa mabati, mzani wa kuning'inia, na vilima vya karatasi vilivyofungwa kwa kamba. Alikuwa akivunja maboksi kwa goti. Alipoona sare ya Sajini hakusimama, ila goti ndilo lililosimama.

"Mimi nanunua kwa kilo," alisema kabla ya kuulizwa. "Siulizi karatasi imeandikwa nini, nayo hainiulizi mimi nani."

"Jumanne ulikwenda maktaba ya chuo?"

"Nilikwenda. Nilikaa mlangoni pale kivulini kumngoja mzee. Hakuja mpaka nikachoka."

"Saa ngapi?"

"Adhuhuri. Nimefika wakati kengele ya shule ya jirani inalia saa sita, nimeondoka inalia ya kurudi darasani, saa saba kasorobo. Muulize mlinzi wa geti, alinipa maji ya kunywa, na kikombe chake nilikisahau pale kizingitini akanifuata kunitukana."

"Mlango ulikuwaje?"

Kilo alimtazama kama mtu aliyeulizwa mvua hunyesha kutoka wapi. "Ulikuwa mlango. Umefungwa. Nimeuegemea karibu saa nzima. Ungekuwa umevunjwa si ningeangukia ndani?"

Sajini alikuwa ameingiza mkono kwenye kilima cha tatu na kutoa bunda la karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Pembeni mwa kila ukurasa palikuwa na maneno madogo mekundu, yameinama upande mmoja. Katikati ya ukurasa wa kwanza Sindano alisoma: *ng'ombe apigaye pembe*.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Huko huko chuoni. Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita, au Jumanne?"

"Dada yangu," alisema Kilo, na sasa alisimama, "mimi nikiiba, nitaiba kitu chenye uzito."

Sindano alimtuma Sajini kwa mlinzi wa geti, kisha mwenyewe akalikumbatia bunda lile, akaenda kwa mjane.

* * *

Nyumba ilikuwa ndogo na safi, na karibu na dirisha palikuwa na meza yenye taipu ya chuma iliyofunikwa kitambaa. Mjane alikuwa na kibandiko cheupe jicho la kulia. Sindano alimwekea karatasi mapajani. Mama yule alizileta karibu na jicho lililobaki, karibu kabisa, hadi pua ikagusa.

"Mwandiko huu mwekundu ni wake," alisema. "Lakini huu mweusi si wake. Hii ni mitihani ya wanafunzi. Alikuwa akisahihisha mpaka wanamlilia." Aliupapasa ukurasa. "Ng'ombe. Kila mwaka aliwapa swali la ng'ombe. Ng'ombe wa mtu akimuua ng'ombe wa mwenzake, wauze yule mzima wagawane, na yule mfu wagawane. Iko kwenye Torati. Iko vilevile kwenye vibao vya udongo vya mji wa kale wa Eshnunna, mji ambao watu wake waliabudu mungu mwingine kabisa, tena miaka mingi kabla. Anawauliza: sasa nyinyi mnasemaje?"

"Nao walisemaje?"

"Wengine walisema Musa aliiga. Wengine walisema shetani ndiye aliyetangulia kuiga. Yeye anacheka. Anasema sheria hizi ni kama ndugu walioolewa miji mbalimbali. Ukiwakuta msibani unajua hawa ni wa ukoo mmoja, lakini kila mmoja ana adabu za nyumba yake. Ukimwona mtoto anatembea kama babu yake, utasema amemwiga?"

Kwa hiyo Kilo alikuwa amesema kweli juu ya karatasi zake. Sindano aliandika hivyo, akakata mstari mmoja kwenye daftari.

"Mama, kuna nakala nyingine ya kazi ile?"

"Hakuna. Nilianza kuipiga taipu, na sura ya kwanza kupiga ikawa ya mwisho, macho yakagoma. Ile moja ndiyo niliyo nayo. Sura ya amana." Alivuta mtoto wa meza. "Unisomee, mwanangu. Nimeipiga mwenyewe, sasa siioni."

Sindano alisoma kwa sauti. Ukurasa ulikuwa na safu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Eshnunna: mtu akiweka mali yake kwa mwenzake, na nyumba haikuvunjwa, mwimo wa mlango haukukwaruzwa, dirisha halikusukumwa, na mali ikapotea, mtunza amana atalipa. Lakini nyumba ikiwa imevunjwa, na pamoja na mali ya mweka amana ikapotea na mali ya mwenye nyumba, basi mwenye nyumba ataapa hekaluni kwamba…

Aliurudia mstari ule kwa macho.

"Endelea," alisema mjane.

"…kwamba mali yake imepotea pamoja na mali ya mwenzake, na kwamba hakufanya hila. Naye hatadaiwa kitu."

Sindano alifungua daftari lake ukurasa wa asubuhi ile, akaliweka kando ya sura. Mwimo. Watu wote aliowahi kuwahoji, katika miaka kumi na minane ya milango iliyovunjwa, walisema fremu. Hakuna hata mmoja aliyesema mwimo. Mwimo umekwaruzwa, dirisha limesukumwa, mali yangu pamoja na mali yake: vitu vitatu, kwa mfuatano uleule.

"Nani mwingine ameisoma sura hii, Mama?"

"Shemeji tu. Mkutubi. Ndiye aliyekuwa akimsahihishia marehemu tangu ujana wao. Hata kumzika, yeye ndiye aliyeshika kichwa cha jeneza."

Sindano alikunja daftari taratibu. Mjane alikuwa haoni vizuri, lakini masikio yake hayakuwa na mtoto wa sikio.

"Umenyamaza," alisema. "Usiniambie hivyo, mwanangu. Huyo ni shemeji yangu."

"Sijasema kitu, Mama. Hizi safu nyingine zinasemaje?"

Mjane alizisema kwa kichwa, bila karatasi. Kwa mfalme Hammurabi, mtunza amana aliyezembea analipa tu, hata kama na yake imeibwa. Amtafute mwizi mwenyewe. Kwa Torati, mwizi asipoonekana, mwenye nyumba ataletwa mbele za Mungu, ijulikane kama ametia mkono wake katika mali ya mwenzake au la. Na atakayeonekana na hatia atalipa mara mbili.

"Marehemu aliandika pembeni hapo," alisema. "Eshnunna wanaanza na mlango. Musa haulizi mlango, anauliza mkono."

* * *

Sajini alimngoja nje, ameketi kwenye ukuta mfupi, kiatu kimoja amekivua.

"Mlinzi anaapa kwa kikombe chake. Kilo hakuondoka kizingitini mpaka saa saba kasorobo, na mlango ulikuwa mzima. Kwa hiyo mwizi alibaki na robo saa ya kuvunja, kubeba makasha matatu, redio, koti na saa, na kupita getini bila kuonekana. Hata mimi katika ujana wangu nisingeweza, na nilikuwa na miguu."

"Na saa ya ukutani?"

Hapo Sajini alitabasamu kama mtu aliyetunza kitamu mpaka mwisho. "Nimepita kwa mafundi saa. Mtaa huu wako wawili. Wa kwanza kaniuzia mkanda wa saa nisiouhitaji. Wa pili saa ya Mkutubi imetundikwa ukutani kwake, inatembea vizuri sana. Aliipeleka Jumatatu. Kwenye daftari la fundi kuna tarehe na sahihi yake."

"Jumatatu."

"Imeibwa Jumanne mahali ambapo haikuwapo. Njia ya mwongo fupi, afande, lakini hii haikufika hata getini."

Sindano aliketi kando yake. Mwongo mzoefu angesema pete, au kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Huyu alihitaji kupoteza kitu chake mwenyewe, akatazama ukutani, akaona msumari mtupu. Hakuwa na moyo hata wa kutupa saa nzima.

Kumkamata kulikuwa rahisi. Lakini kurasa mia sita zingeweza kuwa majivu tayari, au zikawa majivu kesho kutwa kwa mkono wa mtu aliyepata hofu. Saa ya ukutani ingempeleka Mkutubi mahabusu, isingeyarudisha makasha.

Mlango wa mjane ulifunguka. Alikuwa amejitanda mtandio na kushika fimbo.

"Nipelekeni," alisema. "Mlitaka kwenda kwake. Basi nitatangulia mimi."

* * *

Alasiri ile jua lilikuwa limefika nusu ya sakafu ya maktaba. Mkutubi alimvutia mjane kiti, akafuta vumbi lisilokuwapo, akaketi upande wa pili wa meza. Sindano alibaki amesimama. Aliweka mezani nakala ya ukurasa wa daftari la fundi saa.

Mkutubi aliusoma. Aliusoma tena, kama anayetafuta kosa la tahajia.

"Nilisahau," alisema. "Mambo yamekuwa mengi. Nilidhani nilikwisha kuichukua."

"Inawezekana," alisema Sindano. "Na mlango ulikuwa mzima saa saba kasorobo. Hilo nalo linawezekana ukalieleza. Nitaandika kila utakachosema."

"Basi andika kwamba nilisahau."

Sindano aliandika. Kalamu ilisikika chumba kizima.

"Shemeji," alisema mjane. "Mimi sikuja na polisi. Wao ndio wamekuja na mimi. Fundi saa simjui, na mlango siuoni. Nina neno moja tu." Alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu, ukakaa pale. "Mwizi hajaonekana. Niambie mbele za Mungu kwamba hukutia mkono wako katika amana yangu. Ukisema, narudi nyumbani sasa hivi, na sitamruhusu mtu yeyote akuulize tena."

Mkutubi alifungua mdomo.

Sindano alikuwa amewaona watu wengi wakiapa. Wengine huapa kabla hujamaliza kuuliza, kwa mama zao, kwa macho yao, kwa kaburi la baba aliye hai. Huyu alibaki na mdomo wazi, na hakuna kilichotoka. Mwishowe alikifungua kile kifungo cha juu, kwa vidole viwili.

"Siwezi," alisema.

"Yako wapi?" aliuliza Sindano.

"Sikuyachoma. Nilikusudia. Nilikwenda mpaka jikoni kwangu na kasha la kwanza, nikafungua, nikakuta jina la Mungu kila ukurasa. Nikarudi nalo."

Aliinuka, akawaongoza hadi kona ya mwisho ya maktaba, kwenye rafu ya ripoti za mwaka za bodi ya chuo, juzuu nene za kijivu ambazo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuziazima. Alivuta moja. Ndani ya jalada, badala ya ripoti, palikuwa na mwandiko ulioinama upande mmoja. Juzuu kumi na tisa. Sajini alizihesabu kwa sauti ya chini.

"Kwa nini?" Mjane hakupaza sauti. "Alikuletea kila sura. Ungeweza kumwambia."

"Nilimwambia, miaka kumi nilimwambia! Hakuniona nina hoja." Mkutubi alishika rafu. "Wewe hukuwasikia vijana wanaokuja hapa baada ya somo lake. Mmoja aliniuliza: mzee, kama watu wa masanamu walikwisha kuyajua haya, Mlimani Sinai kulishuka nini? Nikakosa la kumjibu. Nikasema, kitabu hiki kikiisha kupigwa chapa, watakuja mia. Nilikuwa nalinda imani yao."

"Na ulipohitaji uongo," alisema Sindano, "uliuchukua kutoka humohumo."

Mkutubi aliinamisha kichwa. "Nilidhani sheria ya zamani hivyo, polisi wa leo wataisoma wapi."

"Umefika ukurasa gani?" aliuliza mjane.

"Nimeishia amana. Baada ya hapo sikutaka tena."

"Kwa hiyo umekihukumu kitabu ukiwa nusu njia." Mjane aligeuza uso kuelekea sauti ya kalamu. "Afande, serikali ina sheria zake, nami siziingilii. Lakini huyu alitunza amana yangu kwa Torati, na kwa Torati namdai. Mara mbili."

"Mama, sina mali ya…" alianza Mkutubi.

"Sitaki mali. Kitabu kilikuwa kimoja, nakitaka viwili. Taipu ninayo, macho sina. Utakuja kwangu kila siku baada ya kazi, utakipiga chote, tangu ng'ombe mpaka mwisho, na karatasi ya kaboni ya kutoa nakala. Ukifika mahali unaona marehemu amekosea, utapiga alivyoandika yeye. Kisha chini utaandika unavyosema wewe, na jina lako. Yule kijana aliyekuuliza anangoja jibu bado."

Mkutubi alikuwa akilia bila sauti, machozi yakipita chini ya miwani. "Na baada ya hapo, utaniita shemeji?"

"Baada ya hapo tutajua," alisema mjane. "Lete kurasa mia sita kwanza."

Sindano alivuta kiti, akaketi sasa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kuidanganya polisi ni kosa pia," alisema, "nalo linakwenda kwa mkuu wangu. Sikuahidi kitu. Nitaandika kwamba mali imepatikana nzima na mwenyewe ametaka nini. Sasa tunaandika maelezo mapya."

Waliandika mpaka jua likatoka sakafuni na kupanda ukutani. Sindano aliuliza kwa mfuatano: siku, saa, bisibisi ilitoka wapi, redio na koti viko wapi. Vilikuwa chini ya kitanda chake. Sajini alifunga juzuu kumi na tisa kwa kamba na kuandika namba juu ya kila moja, akilalamika magoti. Mjane alikaa na juzuu ya kwanza mapajani, kiganja kimetulia juu ya jalada.

"Soma," alisema Sindano alipomaliza, akamsogezea karatasi. "Kama kuna kosa, sahihisha. Kama hakuna, weka sahihi."

Mkutubi alisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, kama alivyosoma miswada ya watu maisha yake yote. Aliongeza nukta mahali pamoja. Karibu na mwisho alisimama. Sindano alikuwa ameandika: *nilitenda haya kwa sababu ya hofu juu ya imani ya wanafunzi.* Mkutubi aliomba kalamu. Alikata neno *hofu* kwa mstari mmoja ulionyooka, akafikiri, akaandika juu yake, kwa herufi ndogo safi: *kiburi*. Kisha akakata maneno yote yaliyofuata mpaka nukta.

Sindano aliipokea karatasi, akaisoma, akamrudishia.

"Ukikata neno," alisema, "unaweka sahihi na pembeni yake."

Mkutubi akaweka.